Rangi mupya haiponyeshi kutu



Mwaka uliopita, mwisho wa kipindi cha mvua, kamio ya koperative yetu ilikuwa inapakia mihogo ili ishuke Uvira. Kijana mumoja mupakizi alikuwa amesimama ndani ya karoseri, gunia ku bega. Mara chini ikafunguka. Muguu wake ukapita mu shimo mupaka ku goti, na chuma yenye kutu ikamukata. Tulimupeleka ku kituo cha afya, akashonwa, akapigwa sindano ya tetanosi. Mungu alisaidia, kamio ilikuwa imesimama. Kama ingekuwa inatembea, leo tungekuwa tunaandika habari ingine.

Jambo lililotuumiza zaidi ni hili: ile kamio ilikuwa imetoka ku garaji miezi 8 tu mbele ya siku hiyo. Tulilipa. Ilirudi na rangi ya bluu inayongaa, tukapiga picha mbele yake, memba wakapiga makofi. Kumbe tulinunua rangi, hatukununua matengenezo. Chini ya rangi kulikuwa mastiki, chini ya mastiki kulikuwa kutu, na chini ya kutu hakukuwa kitu.

Sisi wa komite ya usafirishaji hatuandiki ili kumulaumu fundi. Ni sisi tulimuomba bei ya chini na kazi ya siku 3, na hakuna hata mumoja wetu aliyeenda kuangalia chuma mbele haijapakwa. Maoni yetu ni haya: koperative yenye gari ya zamani ilipe kazi ya kuondoa kutu, ao isilipe kabisa. Kuficha kutu ni kutupa feza ya memba, na ni kuweka watu mu hatari.

Juu ya nini kutu inarudia? Kutu inazaliwa fasi chuma, maji na hewa vinakutana. Inaomba nafasi kubwa kuliko chuma yenyewe, njo maana inainua rangi kama malengelenge. Ukiona rangi inavimba, ujue ugonjwa ulianza zamani. Tena kutu haizuii maji, inayanywa na kuyachunga. Ukipaka mastiki juu yake, haishiki chuma, inashika kutu. Barabara zetu zinatikisa, mastiki inapasuka, maji yanaingia, na sasa yanabaki ndani fasi jua haifike.

Na sisi wakulima tuko na shida yetu ingine: mizigo. Mihogo iliyolowekwa inadondosha maji makali. Chumvi na mbolea ya viwanda vinavuta unyevu, na vikimwagika mu kona za karoseri vinakula chuma haraka kuliko mvua yenyewe. Samaki ya chumvi ni vilevile. Matope yanajipanga juu ya magurudumu na yanabaki pale wiki nzima bila kukauka. Kwa hiyo kamio ya koperative inaoza mbio, na inaoza kutoka chini na kutoka ndani, fasi ambako hakuna mutu anaangalia.

Mara ya pili tulitafuta fundi mwengine, lakini waliobadilika zaidi ni sisi. Watu 2 wa komite walikaa ku garaji kila siku. Mbao za karoseri zilitolewa, viti na mikeka ya kabini pia. Fundi alipita polepole na nyundo ndogo pamoja na turunevisi. Fasi chuma iko nzima, inalia. Fasi imeoza, sauti inakufa na turunevisi inaingia. Tulitia alama ya chaki kila fasi mbaya, kisha tu njo tukapatana bei.

Alikata mupaka kufika ku chuma nyeupe. Mashimo yakaongezeka. Memba mumoja alipita, akasema: “Gari imekuwa mbaya kuliko ilivyokuja!” Alisema kweli, na ni hivyo inapaswa kuwa. Kidonda kinasafishwa mbele ya kufungwa.

Kuhusu viraka, tulijifunza mambo ambayo tungetaka kila komite ijue. Manjanja ya nyumba haifai: ni nyembamba, na ile zinki iliyo juu yake ikichomwa na moto inatoa moshi unaomuletea fundi homa na kifua. Kwa kabini, bati yenye unene wa karibu milimita 1 inatosha. Mafundi mingi wanaikata mu pipa za zamani. Lakini pipa iliyokuwa na esanse ao mazutu isipelekwe ku moto, hata kama inaonekana tupu. Mvuke unaobaki ndani unaweza kulipuka na kuua mutu. Mbele ya kuchomelea, batri na tanki ya mazutu vilitolewa ku gari, na ndoo ya muchanga ikawekwa karibu. Fundi alichomelea nukta kwa nukta, moja hapa, ingine mbali, ili bati isipinde kwa joto. Halafu rangi ya kuzuia kutu ikapakwa siku ileile, mbele umande haujashuka, juu na chini kila fasi burashi ilifika. Mastiki ilikuja nyuma, milimita 2 ao 3 tu. Kazi yake ni kulainisha, haiko kuziba shimo. Rangi ya kupendeza macho ilikuwa ya mwisho.

Fasi moja hatukubali kiraka cha haraka: shasi. Bati ya kabini ikitoboka, unalowa. Shasi ikivunjika, watu wanakufa. Kama imeoza fasi resore zinafungwa, gari isimame mupaka fundi anayejua shasi aiangalie. Akisema haiwezekani, gari iuzwe kwa vipande. Hapo hatubishani.

Sasa tuongee feza, sababu tunajua njo hapo watu wanaguna. Ile kazi ya pili ilitugarimu karibu mara 3 ya ile ya kwanza, na musimu huo hatukugawanya ziada. Memba wamoja walikasirika, na wako na haki. Mama mujane aliyehesabia ile feza kwa masomo ya watoto hasemi bure. Lakini tufanye hesabu yote. Tulilipa rangi ya bure. Gunia zililowa, unga ukakataliwa ku soko. Wiki ambazo kamio haikutembea, tulikodi ya mufanyabiashara, na bei alipanga yeye. Hizo zote ni feza za yule mama pia, ila zilitoka kidogokidogo, bila mukutano wala kura.

Wengine wanasema: tuuze ile kamio, tununue ingine. Ni neno la kuwaza. Ila gari tutakayoweza kununua itakuwa vilevile ya zamani, imepakwa rangi na muuzaji. Koperative isiyojua kutambua kutu itauziwa kutu ingine.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative iandike mambo 3 mu kanuni zake.

La kwanza: kila safari, sehemu ya nauli iingie mu kashe ya matengenezo, hata kama ni kidogo, na isiguswe kwa kazi ingine.

La pili: kila wiki, na kila mara nyuma ya kubeba chumvi, mbolea ao mihogo iliyolowekwa, karoseri ifagiliwe na kuoshwa, matope yatolewe juu ya magurudumu, na matundu ya kutoa maji chini ya milango yafunguliwe. Shofere wamoja wanapaka oili ya zamani chini ya gari. Ile oili isifike ku breki ao ku mipira, na isimwagike kandokando ya mutoni fasi tunachota maji.

La tatu: mbele ya kulipa rangi yoyote, memba 2 waone chuma tupu kwa macho yao, wapige picha na simu, waionyeshe mu mukutano. Bila ile picha, mutunza feza asitoe hata franga moja.

Yule kijana amerudi ku kazi. Kila tunapopakia, anapiga chini ya karoseri na kisigino mara 2 mbele ya kupokea gunia ya kwanza. Watu wanacheka. Sisi wa komite hatucheki, sababu ile kazi ya kupiga na kusikiliza ilikuwa yetu, na tulipaswa kuifanya mbele yeye hajapanda.