Wafuasi Hawanunuliwi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina maadui wawili wasiofahamiana: mvivu, aitumiaye kuhalalisha kukaa kitako, na mchuuzi, aichekaye kwa kuwa machoni pake kisichotangazwa hakipo. Wote wawili wamepotoka, na upotovu wao waonekana wazi katika jambo ambalo wanachuoni hulidharau, yaani bendi changa za vijana zitafutazo wasikilizaji.

Yasemwa leo kwamba bendi changa haina budi kununua wafuasi: ilipie matangazo, iuze fulana kabla ya nyimbo, na ihesabu wafuasi wake kama bahili ahesabuvyo senti. Hoja hii ina sura ya busara, lakini ndani ni tupu. Mfano wa kuivunja upo, nao ni Fugazi ya Washington, D.C., nchini Marekani.

Bendi hii ilipanda jukwaani mara ya kwanza Septemba 3, 1987, ikatoa rekodi yake ya kwanza 1988. Muziki wake huitwa posti-hadikoo. Ni mtoto wa hadikoo, ule mtindo wa panki wenye kasi na ukali. Ila mtoto huyu alijifunza kunyamaza kabla ya kupaza sauti, na kuyaacha magitaa yajibizane badala ya kukimbia pamoja. Muziki wa namna hii haubembelezi sikio. Basi wafuasi walitoka wapi?

Walitoka njiani. Ian MacKaye, Guy Picciotto, Joe Lally na Brendan Canty hawakukaa wakingoja wema wao ujiuze: hadi Novemba 2002 walikuwa wamepiga matamasha zaidi ya 1,000. Walakini hawakujitembeza kwa maana ya methali. Kiingilio kwa kawaida kilikuwa dola 5. Mlango ulikuwa wazi kwa watu wa umri wote. Fulana zenye jina la bendi hawakuuza. Aliyewaumiza wenzake kwa vikumbo alionywa mbele ya watu, na asiposikia alirudishiwa dola zake 5 akatolewa nje. Ni mchuuzi gani arudishaye fedha ili kumlinda mnyonge asiyemjua?

Wapinzani watasema kwamba jina la MacKaye lilikwisha kuvuma kwa bendi yake ya awali, Minor Threat, iliyovunjika 1983. Ni kweli. Lakini jina huwaleta watu usiku wa kwanza. Haliwarudishi usiku wa kumi. Watasema tena kwamba ni rahisi kukataa kampuni kubwa kwa mtu mwenye kampuni yake ya rekodi, Dischord. Nao wasahau kwamba Dischord ilianzishwa 1980 kwa akiba ndogo ya vijana wa Teen Idles, ili itoe rekodi ya bendi hiyo iliyokuwa imekwisha kuvunjika. Haikuwa urithi, ilikuwa tunda la kujinyima. Mwisho watasema kwamba dola 5 za wakati ule si dola 5 za leo. Hapana abishaye. Tarakimu hubadilika, kanuni haibadiliki: bei na ipangwe kwa kumtazama maskini aliye mwisho wa safu, wala si tajiri aliye mbele.

Mnunuzi hupatikana kwa fedha, na kwa fedha hupotea, maana kesho atatokea mwingine mwenye tangazo kubwa zaidi. Mfuasi hupatikana kwa heshima: aingiapo ukumbini akakuta hakunyonywa, hakudharauliwa, wala hakukanyagwa, hutoka akiwa shahidi, na ushahidi wake hauna gharama. Bendi changa ihesabuyo wafuasi kila asubuhi ingefaa kujiuliza imewatendeaje wale ishirini waliokuja jana. Yule asiyejua kuwatunza ishirini, elfu ishirini atawatunzaje?

Methali ya wahenga haikukosea. Waliokosea ni wasomaji wake. Chema na kitembee, tena kifike mbali. Kisijinadi tu.