Nani Kasema Wasikilizaji wa Zilipendwa Hawapo?

Meneja wa redio yetu ya hapa mjini ameeleza hewani kwa nini zilipendwa na taarabu zimeondolewa, na kwa nini watangazaji watatu wa siku nyingi wameagwa. Nimesikiliza maelezo yake hadi marudio ya usiku. Ninyi mliomsikia, pimeni.

Anasema msikilizaji ndiye anayechagua muziki, redio inafuata tu. Hoja hii inavunjwa na Bongo Fleva yenyewe, muziki anaotaka upigwe kutwa. Katikati ya miaka ya 1990, redio binafsi zilipoanza baada ya sheria ya 1993 kuziruhusu, rapu ya Kiswahili ilionwa na wakubwa wengi kuwa uhuni. Watangazaji wa Radio One, akiwemo Mike Mhagama ambaye wengi humtaja kuwa ndiye aliyeupa muziki huo jina, waliupiga hata hivyo. Masikio yakauzoea, kisha yakaupenda. Wangesubiri wasikilizaji wengi wauombe kwanza, meneja wetu leo angepiga nini?

Anasema wapenzi wa zilipendwa wamezeeka, hawana faida kwa wafanyabiashara. Lakini katika kipindi hichohicho alimshukuru mdhamini wake mkubwa, muuza mabati na saruji. Anayeezeka nyumba ni nani, mwanafunzi wa sekondari au baba yake? Na hata hilo la uzee si kweli. Jumapili iliyopita saa 10 jioni, muda uleule wa zilipendwa, nilisimama stendi kwa mama anayekaanga mihogo. Redio yake ipo palepale juu ya ndoo iliyofunikwa, ila sasa imechomekwa flashi. Bendi ya dansi ya Mlimani Park walikuwa wanapiga, na vijana wawili wa bodaboda wanaitikia kiitikio neno kwa neno.

Kwamba nyimbo hizo zinapatikana kwenye simu, hiyo si sababu. Za Bongo Fleva zimejaa humo kuliko zote.

Hoja ya mwisho ndiyo inayoniuma: kwamba mtangazaji ni sauti tu, na sauti hufundishika. Wiki ya kwanza ya sauti mpya, tangazo la msiba lilisomwa na jina la kijiji likakosewa, likawa la kijiji kingine upande wa pili wa wilaya. Kuna ndugu waliopanda basi asubuhi wakashuka huko. Walipofika msibani, maziko yalikuwa yamekwisha. Mama aliyeagwa, aliyekuwa akisoma matangazo hayo kwa miaka 19, amezaliwa kata ileile ya msiba.