Ufafanuzi wa Mbinu Unganishi katika Marejeo ya Kemia

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) iliipa sayansi istilahi za Kiswahili; istilahi, hata hivyo, si maelezo. Makala ya marejeo yanayosema kwamba kromatografia ya gesi na spektrometria ya masi ni "mbinu mbili zilizounganishwa" hayamfai mwanafunzi wa Tanga. Yaanze na mfano anaoujua: mafuta ya iliki ilimwayo Amani, Usambara Mashariki. Kromatografia huyatenganisha, sineoli na asetati ya terpinili zikitoka kwa nyakati tofauti. Spektrometria huvunja molekuli za kila kijenzi na kukitambua kwa masi za vipande vyake. Kutenga si kutambua. Makala yasiyobainisha mgawanyo huo humwachia msomaji jina tupu, naye hurejea Kiingereza.