KAZI YA MIKONO: Mukokoto wa mipira ya zamani juu ya malisho ya ngombe



Umekwisha kuona ngombe amesimama katikati ya majani marefu, mabichi, mazuri kabisa, lakini anayaruka na kwenda kula mahali ambapo majani yamekwisha? Mutoto mwenye kuchunga anamupiga fimbo: "Huyu ngombe iko na kichwa kigumu!" Lakini ngombe hana kosa. Angalia chini ya yale majani: utakuta mavi ya zamani. Ngombe hapendi kula majani yenye kuota karibu na mavi yake, na anafanya vizuri, sababu pale ndipo minyoo ya tumbo inamungojea.

Tuhesabu kidogo. Ngombe mukubwa mumoja anaangusha mavi mara 10 ao zaidi kila siku. Kama uko na ngombe 5, kwa siku moja ni mahali 50. Kwa mwezi mumoja ni mahali 1,500. Kila mahali, majani ya kuzunguka yanaachwa. Hivi malisho yako yanapunguka, na hakuna mutu aliyekuibia hata kipande.

Kwetu Katanga hii si habari ndogo. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliachana na kazi ya Gécamines, na jamaa nyingi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zilijifunza kama mushahara wa mine unaweza kukatika. Mwenye ngombe watatu ao mbuzi kumi pembeni ya cité anajua vizuri: wale wanyama ndio masomo ya watoto. Majani yakipunguka, masomo nayo yanapunguka.

Dawa yake ni kuvunja yale mavi, kuyatawanya, na kusawazisha udongo. Mwenye shamba kubwa kule Plateau ya Biano anaweza kununua mashine. Wewe na mimi tutatumia mipira ya zamani.

VITU VYA KUTAFUTA

Mipira 5 ya motokari ndogo, ile tunaita pine. Muti mugumu wenye kunyooka, urefu metre 2, unene kama chupa ya lita moja. Nyololo ao kamba ya nguvu, karibu metre 15. Kisu kikali.

Mipira utaikuta kwa kwado, yule mwenye kutengeneza pine pembeni ya barabara. Lakini ichague vizuri. Pitisha jicho, si mukono, pande zote. Kama waya zinatokea, iache. Waya ikianguka ndani ya majani, ngombe anaimeza pamoja na chakula. Inatoboa tumbo na inaweza kufika hata kwenye moyo. Ngombe anakufa, na wewe unasema jirani amemuroga. Kumbe ni mupira wako.

Tena, vijana, kama mutu anakuletea usiku nyololo yenye kutoka ku mine, usinunue. Kamba itatosha.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Toboa kila mupira matundu matatu upande mumoja, pale ubavuni penye ulaini. Usikate pale panapokanyaga barabara, sababu ndani mule muko waya. Paka kisu maji ya sabuni, kitaingia vizuri. Upande wenye matundu utalala chini, maji ya mvua yatoke. Bila matundu, mupira utakuwa nyumba ya mbu.

2. Panga mipira 3 chini, mumoja kando ya mwingine. Weka muti mbele yake na ufunge kila mupira kwenye muti. Acha nafasi ya upana wa mukono katikati ya muti na mupira, ili kila mupira uweze kupanda na kushuka kwa kufuata udongo.

3. Nyuma yake weka mipira 2, kila mumoja mbele ya nafasi iliyo katikati ya mipira ya kwanza. Ufunge kila mumoja na mipira miwili ya mbele yake. Hivi mavi yenye kuponyoka mustari wa kwanza yatakutana na mustari wa pili.

4. Funga kamba moja ya metre 3 kwenye kila ncha ya muti. Kamba zote mbili zikutane mbele, kama kona. Pale ndipo utakokotea. Kamba zikiwa fupi sana, mukokoto utakuwa unaruka.

Mukokoto wote una karibu kilo 40. Ngombe wawili wenye kuzoea nira wanaukokota bila taabu. Kwa kiwanja kidogo cha mbuzi, vijana wawili wanatosha. Kama ni mwepesi sana, funga kipande cha muti juu yake. Usiweke mutoto juu! Watoto wanapenda kubebwa, lakini anayeanguka pale anavutwa chini ya mipira mbele mukokotaji hajageuka.

SIKU NDIYO DAWA

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanatengeneza mukokoto muzuri, kiisha wanaukokota siku yoyote. Ukumbuke: mupira unatawanya tu, jua ndilo linaua. Mayai ya minyoo yanatoka na mavi, yanapasuka, na vitoto vyake vinapanda kwenye majani wakati wa unyevu. Ukitawanya mavi mwezi wa 1, katikati ya mvua, unapanda minyoo kwenye malisho yote kama mutu anayepanda mahindi. Wakati ule uache mukokoto nyumbani. Wako vidudu vyeusi vyenye kuviringisha mavi na kuyazika. Wanakufanyia kazi bila malipo.

Wakati wa kwanza unaofaa ni mwezi wa 5, mvua ikikwisha kukatika. Wakati wa pili ni mwezi wa 9, jua likiwa kali na mvua bado haijaanza. Wakati ule mavi ni makavu, yanavunjika kuwa unga, na mvua ya kwanza itayaingiza katika udongo kuwa mbolea.

Ugawanye malisho sehemu mbili. Toa wanyama sehemu moja, kokota pale, na uiache hata majuma matatu bila munyama kuingia. Wakati ule wanakula sehemu ya pili. Kiisha mubadilishe.

MBELE YA KUANZA

Tembea kiwanja chote pamoja na watoto. Muokote waya, misumari na sashe. Sashe moja ndani ya tumbo la mbuzi inatosha kumuua.

Vichuguu vidogo muvivunje kwanza kwa jembe. Vile vikubwa vya kwetu, vinavyopita urefu wa nyumba, muviache, mukokoto hauviwezi.

Usikokote mahali moto umepita na udongo umebaki wazi, zaidi sana kwenye mutelemuko. Mvua ya kwanza itaubeba udongo wote mutoni. Majani mafupi yenye mizizi hai njo yanashika udongo.

Na kama iko mahali pale panamwagwa takataka za mine, ao maji ya kiwanda yanapita, usikokote na usichunge pale. Mukokoto utasambaza ule uchafu na kukurushia vumbi lake puani. Shaba inaumiza wanyama, na kondoo anaumia upesi kuliko ngombe.

Wandugu, hii kazi inaomba siku moja ya kutengeneza, na siku chache tu kila mwaka za kukokota. Franga ni kidogo. Kinachoomba nguvu ni uvumilivu: kungojea jua, na kufunga mulango wa malisho wakati ngombe analilia majani ya upande wa pili.

KWA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

Katika malisho yetu, ni wapi ngombe wanaacha majani? Muende muangalie pamoja. Nani atachagua mipira, na nani atapita mbele kuokota waya? Je, tuko na mahali pa pili pa kuchunga wakati sehemu moja inapumuzika? Kama hatuna, tutamuomba jirani gani?