Mashamba ya Rumonge yalikuwa na wenyewe

Hoja ya kwanza inayosikika kila inapozuka kesi ya shamba, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, ni kwamba watu waliohamia huku baada ya 1972 walikuta ardhi tupu. Si kweli. Aprili 29 mwaka ule waasi walishambulia mwambao huu wa Ziwa Tanganyika na kuua Watutsi wengi. Jeshi likalipiza kwa kuua Wahutu nchi nzima, miezi kadhaa. Walionusurika walikimbilia Tanzania, wengi wakaishia kwenye kambi za Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Aliyeingia shambani mwao alikuta mikungu ya chikichi ikiiva kwenye miti iliyopaliliwa. Alijua fika kuna mtu aliyepalilia.

“Serikali ndiyo iliyotugawia.” Hili ni kweli, na ndiyo maana siwaungi mkono wanaowaita wote wezi. Mradi wa serikali wa michikichi ulifuta mipaka ya zamani, ukachanganya viwanja, ukavigawa upya. Maskini aliyeteremka kutoka milima ya Bururi alionyeshwa kiwanja na afisa, akalima, akazaa, akazika wazazi wake hapohapo. Kosa lake liko wapi? Lakini aliyempa aligawa mali ya watu, na huyo ni dola.

Wengine hushikilia sheria ya ardhi ya 1986, iliyosema: ukikaa miaka 30, shamba ni lako. Mtu aliyeko kambini Mishamo, akiogopa kuuawa akirudi, angefungua kesi mahakama gani? Kisha vita vya 1993 vikamfungia njia tena. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 uliliona hilo, ukaagiza mkimbizi arudishiwe ardhi yake, na ikishindikana alipwe fidia ya haki.

Kugawana nusu kwa nusu, kama tume ya ardhi ilivyowahi kusuluhisha, kunaweza kutuliza majirani. Hakutoshi. Kunawatoza maskini wawili deni la mtu wa tatu.

Serikali itimize neno la Arusha: arudishiwe mwenye shamba, na anayeondoka alipwe kabla hajafunga mizigo.