Majina ya Wenzetu Si Rehani



Zamani mtu aliyekwenda kukopa kwa tajiri aliacha rehani. Aliacha baiskeli, au cherehani, au hati ya kiwanja. Akishindwa kulipa, rehani ikaenda. Mara nyingi ilikuwa ni dhuluma, kwa maana riba ilikuwa kubwa na mkopaji hakuwa na wa kumtetea. Lakini kilichopotea kilikuwa mali yake mwenyewe.

Siku hizi mkopo hutoka ndani ya simu. Hakuna ofisi, hakuna mdhamini, wala baiskeli haiachwi mlangoni. Watu husema mkopo huu hauna rehani. Sisi tunasema rehani ipo, nayo ni majina yetu sote yaliyomo katika simu ya mkopaji.

Yafaa tufahamu mambo haya yanavyokwenda. Programu nyingi za mikopo, zinapoingizwa katika simu, huomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba, kusoma ujumbe, na kujua mahali simu ilipo. Mtu mwenye mtoto mgonjwa hasomi masharti. Tena masharti yenyewe ni marefu na yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Hubonyeza "Nakubali" mara tatu, fedha zikaingia. Tangu hapo orodha yake yote inaweza kunakiliwa na kuwekwa katika kompyuta za mkopeshaji. Na ujumbe wa simu ni daftari la maisha ya mtu, kwa sababu hapa Uganda, kama kwa jirani zetu, fedha zetu hupita katika simu. Humo mna siku ya mshahara, karo ya shule, mchango wa matanga, hata ada ya chama.

Siku ya kulipa ikipita, orodha huanza kufanya kazi. Katika karakana moja ya ushonaji tunayoitembelea, dada mmoja alichelewa siku chache tu. Mkopeshaji akampigia nyapara wake. Akampigia mama mkwe. Akampigia na mweka hazina wa tawi letu, akimwita huyu dada mwizi. Nyapara akalisema jambo hilo mbele ya wafanyakazi wote, na dada huyo akaacha kuja mikutanoni. Tawi likapoteza sauti moja nzuri, na nyapara akajua bila jasho ni nani mweka hazina wetu, kwa maana jina lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo katika simu: jina lake, halafu "chama".

Wako wanaosema, "Sisi hatuna siri, wacha wasome." Tunawajibu hivi: siri zilizomo katika simu yako si zako peke yako. Aliyebonyeza "Nakubali" ni mtu mmoja. Walioandikwa katika orodha pengine ni mia mbili. Hao mia mbili ni nani aliyewauliza?

Wengine husema kosa ni la mkopaji, mbona alikopa? Hili nalo tunalikataa. Mfanyakazi hakopi kwa anasa. Hukopa kwa sababu mshahara umechelewa, au ni mdogo hata hauvuki tarehe kumi na tano. Anayechelewesha mshahara na anayekopesha kwa riba ya kukaba roho wanakula sahani moja. Kumcheka mwenzetu aliyeingia mtegoni ni kuwasaidia hao wawili.

Sheria hatuikosi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na ipo ofisi ya kupokea malalamiko. Huko Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilimkataza mkopeshaji kutumia orodha ya namba za mkopaji ili kuwatumia watu ujumbe wa kudai. Mwaka 2023 kampuni ya Google nayo ilizikataza programu za mikopo katika duka lake kusoma orodha za namba na picha za watu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Lakini programu huweza kuletwa pia kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya duka, na huko hakuna bawabu. Sheria bila wafanyakazi wa kuisimamia ni karatasi tu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mwanachama afungue mipangilio ya simu yake na kuondoa ruhusa ya kusoma namba na ujumbe kwa kila programu isiyohitaji. Ajue pia kwamba kilichokwisha kunakiliwa hakirudi kwa kuondoa ruhusa, kwa hiyo afadhali kukataa mapema. Pili, tusiandike vyeo vya chama katika majina ya simu. Jina linatosha. Tatu, anayepigiwa simu kudaiwa deni la mwenzake asinyamaze wala asicheke. Ahifadhi ujumbe, aandike tarehe, saa na namba iliyopiga, alete kwenye tawi. Malalamiko ya mtu mmoja hutupwa kapuni kwa urahisi. Malalamiko ya watu thelathini yenye tarehe na namba ni vigumu kutupwa.

Nne, katika mkataba wa hali bora tudai kifungu kisemacho kwamba simu ya mkopeshaji si sababu ya kumwadhibu wala kumwaibisha mfanyakazi kazini, na kingine kisemacho mshahara ulipwe siku yake. Tano, na hili ndilo kubwa, kila tawi liwe na akiba na mikopo yake. Mia mia zetu za kila wiki, zikiwekwa katika daftari linalosomwa mbele ya wanachama wote, zitamtoa mwenzetu hospitalini bila kumuuza yeyote.

Wazee wetu walipoanzisha vyama, tajiri alitafuta kwanza orodha ya wanachama, kwa maana alijua ukiwa na majina unajua pa kupiga. Orodha hiyo waliificha chini ya magunia na ndani ya vibuyu. Leo tunaitembeza mfukoni kila siku. Tuilinde, kila mmoja kwa ajili ya wenzake.