Kontroli Boksi Inayosingiziwa

Lori likiingia gereji ya Ng'ambo, hapa Tabora, huku wipa zinacheza bila mvua, taa za breki zimegoma na honi inalia dereva akikata kona, hukumu hutoka hata kabla mtu hajashika mita: kontroli boksi imekufa, agiza nyingine. Mwenye lori analipa, spea inakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, inafungwa, na ugonjwa unabaki palepale. Nimechoshwa na hukumu hii. Wakati wa kusomba tumbaku kutoka maghala ya vyama vya ushirika (AMCOS) vya Urambo, Kaliua na Sikonge kwenda kusindikwa Morogoro, lori linalosimama likingoja spea lisiyoihitaji linamuumiza tajiri, dereva na mkulima kwa pamoja. Kwa hiyo nataka kuyajibu madai yanayosababisha hasara hiyo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kifaa gani, maana wapo walioagiza kontroli boksi ya injini wakati tatizo lilikuwa taa. Kwenye Fuso na Isuzu za zamani, umeme wa taa ulipita kwenye swichi, fyuzi na rilei hadi kwenye taa yenyewe. Kwenye Scania, DAF, MAN na Volvo nyingi za miaka ya 2000 kuja huku, swichi hutuma ombi tu. Kontroli boksi ya bodi hulipokea, hukagua masharti yake, ndipo hufungulia umeme taa, indiketa, wipa au honi. DAF wanaiita VIC, MAN wanaiita ZBR, na kwenye Scania kazi ya taa na wipa hufanywa na kitengo kinachoitwa VIS. Injini ina yake, breki zina zake, na zote huzungumza kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja, mtindo ambao Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986.

Dai kubwa kuliko yote ni kwamba taa zikichanganyikiwa basi boksi imekufa. Si kweli, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Kifaa hiki kinahitaji umeme safi na arthi nzima. Waya wa arthi ukila kutu pale unapofungwa kwenye chasi, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, ukipitia kwenye taa na waya zisizohusika. Ndiyo sababu unakanyaga breki na indiketa inawaka. Kipimo chake ni rahisi: washa taa zote na wipa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye arthi ya boksi. Mita ikisoma nusu volti au zaidi, tafuta kutu, usitafute spea. Kisha pima chaji. Lori la volti 24 likiwa linanguruma linapaswa kusoma karibu 28. Madereva wetu wana tabia ya kuvuta umeme wa redio na chaja za simu kutoka betri moja tu kati ya mbili, na matokeo yake betri ile huchoka huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi. Ukipiga stata, volti huporomoka, kontroli boksi huzima na kuwaka upya, na dereva huona dashibodi nzima ikimweka kama kiberiti.

Halafu kuna trela. Boksi nyingi za bodi hazitegemei fyuzi peke yake. Transista zake hupima mkondo, na zikiona waya umegusa chasi huikata njia ile ili isiungue. Fundi akigusa kwa taa ya kupimia akakuta hakuna umeme, anasema boksi haitoi. Kumbe boksi inajilinda. Chomoa waya wa trela, zima ufunguo, washa tena. Taa za kichwa cha lori zikirudi, shida iko nyuma: kwenye soketi iliyojaa maji ya masika, au kwenye waya uliosuguliwa na chasi katika njia za vumbi za kwenda maghalani. Hilo hugundulika kwa dakika chache na halihitaji kununua chochote.

Wapo wanaojitetea kwamba wao hawabahatishi, kwa kuwa kompyuta ya kupimia hitilafu imeshasema. Kompyuta haisemi kifaa gani kibadilishwe. Inasema njia gani ina tatizo. Ikiandika kuwa taa ya breki ya kushoto imekatika, maana yake ni kwamba boksi imepeleka umeme na haikuona mkondo ukipita. Inaweza kuwa balbu, waya au soketi. Inaweza pia kuwa taa nzima kabisa, ila imebadilishwa ikawekwa ya LED, ambayo hula umeme kidogo kiasi kwamba boksi inadhani hakuna taa. Nimeona lori linalodaiwa kontroli boksi kwa sababu hiyo tu. Na kompyuta isipoweza kabisa kuongea na boksi, bado si kifo. Kwenye mitandao ya vifaa vya lori ya aina ya J1939, toa betri na upime kati ya zile waya mbili zilizosokotwa: omu 60 ni afya, kwa sababu kila mwisho una kizuizi cha omu 120. Ukisoma 120, kizuizi kimoja kimepotea au waya umekatika. Ukikaribia sifuri, waya zimegusana mahali.

Sasa tuseme vipimo vyote vimefanyika na boksi kweli imekufa: maji yameingia, njia za shaba kwenye bodi yake ya saketi zimeungua. Hapo huja dai la pili kwa madhara: leta ya mtumba inayofanana, chomoa hii, chomeka ile. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Namba ya spea lazima ilingane, na hata ikilingana, ndani ya boksi kuna maelezo ya lori ilikotoka: idadi ya ekseli, aina ya taa, kama lina trela, na mara nyingi namba ya chasi. Boksi ya lori jingine inaweza kuwasha taa lakini ikakataa taa za trela, au ikajaza dashibodi alama za onyo. Kwenye baadhi ya malori kifaa hiki kinahusika pia na ulinzi wa ufunguo, na ukikibadilisha bila kuprogramu injini haiwaki kabisa. Kazi sahihi huanza kabla ya kuchomoa chochote. Unasoma maelezo ya boksi ya zamani, ikiwa bado inasomeka, na kuyahifadhi kwa programu ya kampuni husika: SDP3 ya Scania, Davie ya DAF, Tech Tool ya Volvo. Kisha unazima ufunguo, unasubiri vifaa vilale, unatoa hasi ya betri, unakagua pini za plagi moja moja, unafunga mpya, unarudisha maelezo, unapima kila taa huku trela imeunganishwa. Anayeruka hatua ya kwanza humwachia mwenzake fumbo.

Kuhusu kuunga dairekti, sina maneno mengi. Kuwasha taa kwa waya uliotoka betri ili lori lifike mjini kutoka Sikonge bila kulala porini, naelewa, ilimradi kuna fyuzi. Kuliacha lori hivyo mwaka mzima ni kucheza na moto: waya mwembamba usio na ulinzi, umepita karibu na mabomba ya dizeli. Zaidi ya hapo, umeme wa dairekti hurudi ndani ya boksi kupitia njia yake ya kutolea na unaweza kuiua ile iliyokuwa nzima.

Na kuna dai linaloniudhi kwa sababu linaua vifaa vizima: eti kuchomelea chasi hakuna shida na umeme. Mabano ya springi huvunjika, mafundi wanaita mashine ya kuchomelea, na kibano cha arthi kinafungwa popote panaposhika, wakati mwingine kwenye bampa huku kazi inafanyika ekseli ya nyuma. Mkondo wa mamia ya ampia unapita chasi nzima na unaweza kuingia kwenye vifaa vya elektroniki. Toa betri, chomoa plagi za kontroli boksi zilizo karibu, funga kibano jirani kabisa na mahali pa kuchomelea. Baada ya kuchomelea ovyo, lori huondoka likifanya kazi na kuanza vituko siku chache baadaye, na hakuna anayekumbuka uhusiano.

La mwisho ni kwamba kazi hii haiwezekani Tabora, lori livutwe tu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Nalipinga kwa nguvu zote. Mji huu umehudumia wasafiri tangu misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipopumzika hapa Unyanyembe. Reli ilipofika mwaka 1912 walihitajika mafundi wa mashine ambazo wazee wao hawakuzijua, na leo mji una Chuo cha Reli na chuo cha VETA. Mafundi simu wa mjini hubadilisha vijisehemu vidogo kuliko vilivyomo kwenye kontroli boksi ya lori. Rilei iliyochoka kwenye bodi, kiungo cha risasi kilichopasuka, transista moja iliyoungua: hivyo hutengenezeka, ikiwa fundi umeme wa magari na fundi simu watakaa meza moja. Kisichotengenezeka ni bodi iliyokaa na maji hadi tabaka zake za ndani zikaliwa, na hiyo ndiyo ya kuagizia nyingine. Programu za kampuni zinahitaji leseni na intaneti, na hapo gereji mbili tatu zinaweza kuchangiana gharama badala ya kila moja kubahatisha.

Mwenye lori naye adai haki yake. Kabla hajatoa fedha ya spea, aombe mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi: volti za chaji, volti zilizopotea kwenye arthi, na kilichoonekana trela ilipochomolewa.